Leseni Kwanza: Elimu na Kipato cha Wasaidizi na Wahudumu wa Fiziotherapia Nchini Marekani



Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga akifika kliniki ya fiziotherapia nchini Marekani, anaweza kupita mikononi mwa watu watatu. Mtaalamu wa fiziotherapia humpima na kupanga tiba. Msaidizi mwenye leseni humwongoza katika mazoezi, humfundisha kutembea upya na kuandika maendeleo yake. Mhudumu humsukuma kwenye kiti cha magurudumu, huandaa kitanda na vifaa, hukunja taulo na kupokea simu. Mada yangu inawahusu hawa wawili wa mwisho. Ndugu zetu wengi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo huingia katika sekta ya afya ya Marekani kupitia ngazi za chini, na baadhi yao hubaki hapo miaka mingi ilhali mlango wa kutokea upo.

Kwa takwimu za Mei 2023 za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mshahara wa kati wa msaidizi ulikuwa dola 64,080 kwa mwaka, na wa mhudumu dola 33,520. Mshahara wa kati maana yake ni kwamba nusu ya wafanyakazi hupata zaidi ya hapo na nusu hupata pungufu. Pengo ni dola 30,560. Msaidizi anapata karibu mara mbili ya mhudumu, na wote wawili wanafanya kazi ndani ya chumba kimoja.

Mhudumu huajiriwa akiwa na cheti cha sekondari, kisha hufundishwa kazi palepale kazini. Msaidizi husoma takriban miaka miwili katika programu iliyoidhinishwa na CAPTE, tume inayosimamia ubora wa masomo ya fiziotherapia, na ndani ya muda huo hufanya mafunzo ya vitendo ya kutwa kwa kiasi cha wiki 16. Akishahitimu stashahada yake, hufanya mtihani wa taifa, ambao alama zake huanzia 200 hadi 800 na anayefaulu ni mwenye 600 au zaidi. Hapo ndipo jimbo humpa leseni au cheti cha kufanya kazi. Kada hii si ngeni: wahitimu wake wa kwanza walitoka vyuoni mwaka 1969.

Wengi wakisikia takwimu hizi husema, basi kadiri unavyosoma ndivyo unavyolipwa. Sikubaliani nao. Katika kliniki za Marekani wamo wahudumu wenye shahada ya kwanza ya biolojia au sayansi ya mazoezi ya mwili, vijana wanaotafuta saa za uzoefu ili waombe nafasi ya kusomea utaalamu kamili. Wana miaka minne ya chuo kikuu, lakini hulipwa kama wahudumu, kwa sababu ndiyo kazi wanayoruhusiwa kufanya. Vivyo hivyo, msaidizi anayerudi chuo kuongeza shahada ya kwanza hubaki na leseni ileile. Shahada hiyo inaweza kumfaa akitaka kuwa meneja wa kliniki au kufundisha, ila akiendelea kuhudumia wagonjwa, mshahara wake hausogei sana.

Kiini cha jambo kiko kwa anayelipa, yaani bima. Medicare, bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee, hailipii tiba ya mgonjwa wa nje iliyotolewa na mhudumu, hata kama mhudumu huyo ana shahada tatu. Ikitolewa na msaidizi chini ya usimamizi wa mtaalamu, hulipwa. Kwa hesabu za mwajiri, basi, mhudumu ni gharama ya kuendeshea kliniki, na msaidizi huingiza fedha. Elimu ya miaka miwili ina thamani kwa kuwa imefungamanishwa na leseni, na leseni imefungamanishwa na malipo ya bima.

Fungamano hilohilo ndilo linalomwekea msaidizi dari. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Medicare hulipa asilimia 85 tu ya kiwango cha kawaida pale tiba ya mgonjwa wa nje inapotolewa na msaidizi, kwa mujibu wa sheria ya bajeti ya mwaka 2018. Kwa maoni yangu punguzo hilo ni dhuluma kwa watu wanaofanya kazi ngumu ya mikono na mgongo kutwa nzima, na linaziumiza zaidi kliniki ndogo za vijijini zinazowategemea. Kuna nafuu kidogo: kuanzia mwaka 2025 Medicare imelegeza masharti, hivyo mtaalamu mwenye kliniki binafsi halazimiki tena kuwa jengoni kila dakika msaidizi anapohudumia mgonjwa wa Medicare, sheria ya jimbo ikiruhusu.

Angalieni pia wauguzi wasaidizi, kazi wanayoifanya Waswahili wengi huko. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache, pamoja na mtihani. Hata hivyo mshahara wao wa kati mwaka 2023 ulikuwa takriban dola 38,000, zaidi ya mhudumu wa fiziotherapia asiye na cheti chochote cha kazi. Mafunzo mafupi yanayotambuliwa kisheria yameshinda.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mhudumu anaacha kazi kabisa miaka miwili ili asome. Atapoteza mishahara ya dola 67,040. Tukadirie ada ya chuo cha jamii kuwa dola 15,000. Jumla ni 82,040. Kwa nyongeza ya dola 30,560 kila mwaka, kabla ya kodi, atairudisha kwa chini ya miaka mitatu. Akisoma chuo cha binafsi kwa ada ya dola 40,000, itamchukua miaka mitatu na nusu.

Hatua inayofuata ni ghali mno. Mtaalamu kamili, ambaye mshahara wake wa kati ulikuwa dola 99,710, leo husoma hadi udaktari wa fiziotherapia: shahada ya kwanza, kisha takriban miaka mitatu. Masomo ya kitaaluma ya msaidizi kwa kawaida hayamfupishii miaka hiyo mitatu. Tukihesabu miaka mitano bila mshahara wa msaidizi, miwili ya kumalizia shahada ya kwanza na mitatu ya udaktari, na ada ya dola 100,000, itampasa kufanya kazi karibu miaka 12 kurudisha gharama. Kwa kijana wa miaka 23 inawezekana. Kwa mama wa watoto watatu mwenye miaka 40, mimi namshauri awe msaidizi, kisha atafute kazi katika huduma za majumbani au nyumba za wazee, ambako wasaidizi kwa kawaida hulipwa vizuri kuliko kwenye kliniki za kawaida.

Kundi linaloniuma zaidi ni wataalamu wetu wenye stashahada za nyumbani, kama zile za vyuo vya KMTC Kenya au KCMC Moshi. Mtu ametibu wagonjwa miaka kumi, lakini masomo yake yanapimwa dhidi ya elimu ya Marekani ya leo, ambayo ni ya udaktari. Stashahada ya miaka mitatu haitoshi, na anaishia kukunja taulo. Ndugu huyo asikate tamaa kabla ya kuiandikia bodi ya leseni ya jimbo anakoishi na kuuliza iwapo masomo yake yanaweza kumfungulia mtihani wa msaidizi, maana kila jimbo lina sheria zake. Ajiandae barabara pia, kwani mtihani huo una kikomo cha majaribio sita maishani.

Kwa viongozi wa jumuiya zetu walioko hapa, ombi langu ni moja. Vyuo vinavyotangaza kozi za "msaidizi wa tiba" ni vingi, na baadhi havina idhini ya CAPTE. Anayehitimu humo haruhusiwi kufanya mtihani wa taifa. Kabla ndugu yeyote hajalipa hata dola moja ya ada, msaidieni kulitafuta jina la programu hiyo katika orodha ya CAPTE.