Sauti ya Nani? Lugha katika Historia ya Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada

Wanafunzi wa Kiswahili wanaochunguza historia ya filamu hukutana mapema na jaribio la Vugiri, Usambara, la mwaka 1935 hadi 1937. Picha zilipigwa bila sauti, kisha maelezo yakanaswa katika santuri kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda na lugha nyinginezo. Picha ilikuwa moja. Ndimi zilibandikwa baadaye. Utaratibu wa namna hiyo haukuwa wa makoloni ya Afrika peke yake. Unaonekana pia, kwa sura nyingine na kwa fedha nyingi zaidi, katika shirika la umma ambalo limedumu kuliko mengi ya aina yake: Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada.

Bodi hiyo iliundwa kwa sheria mwaka 1939. Kamishna wake wa kwanza, John Grierson, alikuwa Mskoti aliyeiona filamu ya hali halisi kuwa chombo cha kumfunza raia. Vita viliikuza upesi, na filamu yake Churchill's Island ilipata tuzo ya Oscar ya mwaka 1941. Katika filamu za wakati huo husikika msimulizi asiyeonekana, mwenye sauti nzito, akimwambia mtazamaji maana ya kile anachokitazama. Wakanada wasemao Kifaransa mara nyingi waliletewa matini ileile ikiwa imetafsiriwa. Aliyewahi kutafsiri filamu anaijua adha hiyo: sentensi ya Kifaransa ilibidi itoshee katika picha zilizokatwa kwa kipimo cha Kiingereza.

Mwaka 1956 Bodi ilihamia Montreal kutoka Ottawa, na mwaka 1964 uzalishaji wa Kifaransa ukatenganishwa na ule wa Kiingereza. Hatua hii ya pili, ingawa yaonekana ya kiofisi tu, ilikuwa na uzito kuliko tafsiri zote zilizoitangulia, kwa kuwa mwenye lugha alipata pia fungu la fedha.

Hata hivyo, mageuzi yalikwisha kuanza mikononi mwa mafundi. Kamera nyepesi na vinasa sauti vya kubebeka viliwawezesha kumfuata msemaji mahali anaposemea. Matunda yake bora ni Pour la suite du monde ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Pierre Perrault na Michel Brault. Wazee wa Île-aux-Coudres, kisiwa kilichomo katika mto St. Lawrence, walishawishiwa kufufua uvuvi wa nyangumi weupe uliokuwa umeachwa kwa miongo kadhaa. Hamna msimulizi anayewafafanua. Wazee wanabishana, wanataniana, wanahitilafiana kuhusu nani aliyeanzisha uvuvi huo. Na lahaja yao, ambayo si Kifaransa cha Paris, haisafishwi. Perrault alitoka katika redio, na yaelekea ndiyo sababu aliyachukulia mazungumzo kuwa tukio lenyewe, si pambo la picha.

Kusikika ni jambo moja, kukubaliwa ni jingine. Mwaka 1970 Denys Arcand alikamilisha On est au coton, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jina hilo lina maana mbili: kuwa kwenye pamba na, katika Kifaransa cha Quebec, kuchoka kabisa. Kamishna wa wakati huo, Sydney Newman, ambaye hakuwa msemaji wa Kifaransa, aliizuia. Iliruhusiwa mwaka 1976.

Wenyeji wa asili walisubiri zaidi. Alanis Obomsawin, Mwabenaki, aliingia katika Bodi mwaka 1967 kama mshauri. Filamu yake Kanehsatake, kuhusu mgogoro wa ardhi ya Wamohawk, ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2001 ikaja Atanarjuat ya Zacharias Kunuk, ambayo Bodi ilishiriki kuitengeneza pamoja na kampuni ya Wainuit wenyewe. Ilipata tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes. Wahusika wake husema Kiinuktitut tangu mwanzo hadi mwisho. Kiingereza na Kifaransa vimeshushwa chini ya picha, katika mistari ya tafsiri.