Vyombo vya Kabatini

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya vyombo. Fungu letu ni Luka 14:12-14, ambapo Bwana Yesu, akiwa mezani kwa mtu mwingine, amwambia mwenyeji wake awakaribishe wale wasio na cha kumlipa.

Hapa Shianda nyumba nyingi zina kabati la vioo sebuleni. Ndani mna sinia za enameli zenye maua, birika, bakuli lenye kifuniko, na seti ya vikombe sita juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Vingine vilinunuliwa miaka ya 1950 na 1960, wakaachiwa wake za wana. Vingine vililetwa na kikundi cha akina mama, ambao huchanga na kununuliana vyombo kwa zamu. Huko Marekani na Uingereza nako wako watu wanaotafuta vyombo vya karamu vya miaka hiyo hiyo, hasa mabakuli makubwa ya kioo yenye vikombe vya kuning'inizwa ukingoni; na seti isiyopungukiwa hata kikombe ndiyo yenye bei.

Hatusemi kwamba kukusanya ni dhambi. Mama aliyelea watoto kwa jembe astahili kitu kizuri cha kutazama. Tena msiba ukitokea kijijini, sahani hutoka nyumba nyingi, zimetiwa alama ya rangi ya kucha chini ili kila moja irudi kwake. (Hurudi pungufu, twajua.)

Lakini seti ile ya kabatini imekamilika kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa kuwa mgeni anayengojewa hajafika. Askofu akija, kabati hufunguliwa. Kijana mkata miwa akipita kuomba maji, hupewa kikombe cha plastiki kilichopasuka, akanywea nje. Na yuko msichana wa kazi. Kila Krismasi yeye ndiye aviteremshaye vikombe vile, huviosha, huvipangusa, huvirudisha. Hajanywea hata kimoja.

Akina mama, ufunguo mnao ninyi. Juma hili, akisha kuviosha, mwambieni aketi kitini, mmimine chai katika kimojawapo, mmpe. Kikivunjika, vitabaki vitano.