Injini Iliyolala Haiamshwi kwa Teke

(Hotuba ya halmashauri ndogo ya gari, iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Nakuru)



Katika mkutano uliopita mlituchagua sisi wanne mkatupa kazi moja: kuitazama ile pikapu ya tawi iliyosimama nyuma ya ofisi tangu mwaka 2017, kisha turudi tuwaambie kama ni gari au ni chuma chakavu. Leo tumerudi. Jibu wengi wenu mmekwisha kulisikia kwa masikio yenu mlipokuwa mkiingia getini, maana injini ilikuwa ikinguruma. Lakini twataka mjue habari yote, ili mpige kura kwa akili wala si kwa furaha tu.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili si mchezo. Mwaka jana mwenzetu mmoja upande wa Elburgon alifukuzwa kazi siku ya Ijumaa. Sisi tulipata habari Jumatatu. Tukahangaika kuchanga nauli, mvua ikanyesha, matatu zikakataa ile barabara ya udongo, na tulipofika alikuwa amekwisha kutia kidole gumba katika karatasi ya kusema hadai kitu. Wakati huo wote pikapu yetu, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama, ilikuwa imekaa hapa chini ya mti, kuku wakitaga ndani yake. Na mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kuja na mizani yake.

Gari hili ni Peugeot 404. Wazee walio hapa hawahitaji kuelezwa. Motokaa za namna hii zilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, na zilishinda mbio za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, katika matope yale yale yanayotushinda sisi. Injini yake ina silinda nne, ni ya chuma kigumu chenye kichwa cha alumini, na mbele kuna tundu la kutia hendeli. Tundu hilo ndilo lililotuokoa.

Siku ya kwanza alifika kijana mmoja mwenye nia njema na Land Rover yake. Akasema: "Fungeni kamba, niivute, mtie gia, itawaka yenyewe." Tulikataa, na wengine wakatuona waoga. Sababu ni hii. Injini ikisimama miaka mingi, unyevu huingia ndani ya silinda, na ringi za pistoni hushikana na ukuta kwa kutu. Ukiivuta kwa nguvu, ringi huvunjika na kukwaruza silinda. Hapo gari lililokuwa limelala umeliua wewe, kisha utasema lilikufa zamani.

Basi tulimwita mzee mmoja, mwanachama mstaafu aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote. Alikuja na kofia yake na spana zake, akatuambia: "Msiiulize kama itawaka. Iulizeni kwanza kama itazunguka." Tukapuliza uchafu ulioizunguka plagi ili usianguke ndani, tukazitoa zote nne, tukamimina kila silinda oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo. Kisha tukaiacha siku nne. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kuiacha.

Siku ya tano tukatia hendeli. Mzee alitufundisha kuishika huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke, hendeli huweza kuvunja mkono. Hatukuizungusha, tuliitikisa tu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ilisogea upana wa kidole. Tukaongeza oili. Ilipofika jioni ilizunguka duara zima, laini kabisa, na mzee akavua kofia.

Baada ya hapo tulifungua oili ya chini. Kabla ya oili yalitoka maji kiasi cha kikombe. Tuliogopa, kwa kuwa katika injini hii slivu za silinda zimezungukwa na maji, na gasketi zake za chini zikiharibika, maji hushuka katika oili. Tukaijaza rejeta maji safi, tukaacha tundu la oili wazi usiku kucha na sinia chini yake. Asubuhi sinia lilikuwa kavu. Maji yale yalikuwa ni jasho la miaka yote ile tu. Tukatia oili mpya na chujio jipya.

Injini hutaka mambo matatu: hewa, petroli na moto. Katika chujio la hewa tulikuta kiota cha panya. Ndani ya ekzosi nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Petroli iliyobaki katika tangi ilikuwa imegeuka, inanuka kama rangi ya mlango, na imeacha gundi ndani ya kabureta. Tulilishusha tangi zima tukalisafisha. Vijitundu vya kabureta tulivipuliza kwa hewa, hatukuvichokoa kwa waya, maana waya huvipanua na gari likanywa petroli bila kiasi. Mipira ya petroli ilikuwa inapasuka mkononi. Tukaibadilisha yote, pamoja na kiwambo cha pampu.

Kwa upande wa moto, pointi zilikuwa zimeota ukungu. Tulizisugua kwa tupa nyembamba na kuzipima milimita 0.4. Hata hivyo moto haukuwa na mpango, na hapo tukagundua kwamba mtu fulani aliyejaribu kabla yetu alizichanganya nyaya mbili za plagi. Zamu ya silinda ni 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya, injini itapiga chafya mpaka kesho wala haitawaka. Betri ya zamani ilikuwa haifai tena, tuliazima nyingine.

Kabla ya kurudisha plagi tuliizungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika. Maana yake oili imepanda mpaka juu na vyuma havitasuguana vikavu.

Sasa tunakuja kwenye kosa letu, nasi hatulifichi. Tulipokuwa karibu kufaulu, haraka ilituingia. Mmoja wetu alimwagia petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzake akipiga stata. Injini ikapiga chafya, na moto ukaruka juu kama jiko la makaa lililomwagiwa mafuta. Kwa bahati mzee alikuwa ameagiza debe la mchanga na gunia lililoloweshwa liwekwe karibu tangu asubuhi. Moto ulifunikwa mara moja. Mwenzetu alipoteza nyusi zake, nazo zinaota. Ingekuwa hakuna gunia, leo tungekuwa tukiwaletea habari nyingine. Haraka haraka haina baraka. Tuliijua methali hiyo tangu utotoni, na bado tulihitaji kuunguzwa ili tuikumbuke.

Tulikaa chini, tukanywa chai, tukaanza upya. Tuliacha pampu ivute petroli yenyewe, polepole. Mara ya tatu ikashika. Moshi wa buluu ulijaa uwanja mzima, ndiyo ile oili tuliyoimimina, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Tuliiacha inguruma mpaka ikapata joto, macho yetu yakiwa kwenye taa ya oili na kwenye rejeta. Kesho yake tukaimwaga oili ile mpya tukatia nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imeosha uchafu wa miaka.

Ndugu wanachama, msituelewe vibaya. Injini kuwaka si gari kuwa tayari. Oili ya breki hunywa maji ikikaa. Breki zote lazima zifunguliwe. Matairi yamepasuka ubavuni. Kuna ukaguzi na kuna bima. Hatutamruhusu mtu yeyote kuipeleka Molo wiki hii, hata akitubembeleza. Gharama zote mpaka leo ziko kwa mweka hazina, risiti kwa risiti, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maombi yetu ni matatu. La kwanza, mnunuzi wa vyuma aambiwe aende na mizani yake. La pili, mkutano utoe idhini ya matengenezo ya breki na matairi. La tatu, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, achaguliwe mtu mmoja, kwa jina, wa kuiwasha pikapu hii na kuitembeza kila juma mpaka ipate joto, na kuandika katika daftari. Maana tulipouliza ni nani aliyeiacha mwaka 2017, kila mtu alimwonyesha mwenzake. Haikusimama kwa ubovu mkubwa, ilikosa betri tu. Kila mmoja alidhani mwingine ataileta, na miaka ikapita.

Vijana wawili wa tawi walikuwa nasi siku zote hizo, wakishika taa na kuosha spana. Sasa wanajua kuitambua injini iliyoshikana na ile iliyokufa. Mzee amesema atarudi kwa kazi ya breki, mradi vijana hao hao wawepo, na mradi pasiwe na mtu wa kumharakisha.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa. Twaomba sasa kura ipigwe.