Ugonjwa Si Kosa: Je, Mwajiri Aweza Kuuliza Siku Ulizougua?



Tumezoea kukutana na kuzungumzia katiba, kura na mamlaka ya wakubwa. Leo nawaomba tushuke hadi kwenye meza ya karani wa ajira, kwa maana huko pia haki hupatikana au hupotea. Swali langu ni hili: mtu anapoomba kazi mpya, je, mwajiri mpya aweza kumwandikia mwajiri wa zamani na kumwuliza, "Huyu alikosa kazi siku ngapi kwa sababu ya ugonjwa?"

Swali hili laonekana dogo, lakini kwa mja aliyepata ajali ya barabarani, au aliyetumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita akapona, jibu lake laweza kumfungia mlango wa riziki. Atakuwa amepona mwilini, huku barua ikiendelea kumwuguza.

Nchi hii yaijua vyema hatari ya karatasi inayomfuata mfanyakazi. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, kikiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, na bwana alipaswa kutia sahihi mtu anapotoka kazini. Aliyenyimwa sahihi alikuwa mateka. Harry Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyokuwa yamewaunganisha watu, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Wazazi wetu walikataa kwamba mwajiri mmoja amshike mtu hata baada ya kazi kwisha. Sisi tusikirudishe kipande kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka, iwapo alifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho chataja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku aliyomaliza. Hesabu ya siku za ugonjwa haimo. Anayekataa kutoa cheti kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika ndani yake jambo analojua kuwa ni uongo, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hicho hicho chasema kwamba hakuna mwajiri anayelazimika kutoa barua ya kusifu au kueleza tabia na utendaji wa mtu. Kwa hiyo mwajiri wa zamani anayeulizwa juu ya ugonjwa hana wajibu wowote wa kujibu.

Ni kweli kwamba sheria hiyo haisemi kwa maneno ya wazi, "Mwajiri asiulize." Hapo ndipo wengi hudhani kwamba mlango u wazi. Lakini sheria husomwa pamoja na dada zake. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, yamlinda kila mtu ili habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Ibara ya 27 yaitaja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira yakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali ya virusi vya ukimwi, na ulinzi huo wamfikia hata yule ambaye bado anaomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti: hazitolewi ovyo, bali sharti pawe na idhini ya mwenyewe au sababu nyingine inayotambuliwa na sheria. Na idhini hiyo yapasa kutolewa kwa hiari. Idhini ya mtu mwenye njaa, anayeambiwa "tia sahihi au uende zako," ni idhini ya namna gani?

Lakini hoja yangu kuu ni nyepesi kuliko vifungu vyote hivyo. Sheria yetu yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, mradi alete cheti cha daktari. Hiyo ni haki. Ikiwa mtu ataitumia leo, na kesho ihesabiwe dhidi yake mahali pengine, basi haki hiyo imegeuka mtego. Aliyepewa ruhusa kwa mkono wa kulia ataadhibiwa kwa mkono wa kushoto.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini barua zinazohesabu siku za ugonjwa zawafundisha watu kuficha maradhi. Mwalimu ataingia darasani akikohoa, dereva atashika usukani akiwa na homa, mpishi atapakua chakula akiwa na tumbo la kuhara. Hasara ya hofu hiyo haimwangukii mfanyakazi peke yake, yatuangukia sote.

Tena idadi ya siku peke yake ni shahidi mbaya. Siku arobaini zaweza kuwa mguu uliovunjika mara moja na kupona. Zaweza kuwa mimba iliyokuwa na taabu. Msomaji asiyejua atajaza pengo kwa dhana, na katika nchi hii twajua dhana ya kwanza huwa ipi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi yakataza kumnyima mtu kazi hata kwa hali inayoshukiwa tu. Mwaka 2013 mahakama ya kazi mjini Nairobi iliamua kwamba mwanamke mmoja alibaguliwa na mwajiri wake kwa sababu ya virusi hivyo, ikaamuru alipwe fidia ya mamilioni ya shilingi. Sheria hizi zina meno, iwapo zitatumiwa.

Mwajiri naye asikilizwe. Atasema, "Nataka dereva asiyezimia njiani." Ana haki. Basi na aulize juu ya kazi yenyewe, amwulize mwombaji mwenyewe, au daktari aseme iwapo mtu huyo anaweza kazi hiyo au hawezi, bila kutangaza jina la maradhi. Atasema pia, "Sitaki mtoro." Utoro ni kukosa kazi bila ruhusa, mgonjwa mwenye cheti cha daktari si mtoro. Katika England, Scotland na Wales, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ilimzuia mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kuuliza habari za afya ya mwombaji kabla ya kumpa kazi. Waajiri wa huko hawakufilisika kwa sababu hiyo. Kenya yafaa kuliandika katazo hilo waziwazi, nasi tuwadai wabunge wetu walifanye.

Wakati twangoja, tuanze nyumbani. Wengi wenu humu ni wachungaji, wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati za makanisa. Ninyi ni waajiri, tena ninyi ndinyi mnaoombwa barua. Mkiulizwa juu ya siku za ugonjwa, andikeni tarehe, aina ya kazi na jinsi ilivyofanywa, kisha mseme kwamba habari za afya hamzitoi. Fomu zenu za kuajiri zipitieni, mkalifute swali hilo. Nawe mfanyakazi, dai cheti chako cha utumishi, omba kuona kilichoandikwa juu yako, na ukidhulumiwa nenda kwa afisa wa kazi au kwa Kamishna wa Data.

Hujafa hujaumbika. Mwenye afya leo hana hati miliki ya afya hiyo. Sheria tunayoidai kwa ajili ya jirani aliyeugua jana ndiyo itakayotulinda sisi kesho.