Vijana Wetu na Ufundi wa Kurasa za Intaneti
Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani na viongozi, Kibabi, Masisi



Wazazi wanatuuliza: kijana anayeshinda na telefone, anasoma au anapoteza mega? Tunajibu: inategemea anafanya nini nayo.

Mwaka 1999, huko Ufaransa, mtoto wa miaka 13, Mathieu Nebra, alitaka kujua kutengeneza kurasa za intaneti. Vitabu vilimshinda kwa ugumu. Akaanza kuandika masomo mepesi kwa wanaoanza toka sifuri. Kazi hiyo leo inaitwa OpenClassrooms, na inafundisha kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu.

Ufundi wenyewe si uchawi. Ukurasa ni maandishi yenye alama za HTML: moja inasema hiki ni kichwa, nyingine hii ni aya, nyingine hapa pakae picha. Aliyeitunga ni Tim Berners-Lee, huko Geneva, na tangu 1993 kila mtu ana ruhusa ya kutumia ufundi huo bila kulipa. Programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya kompyuta inatosha, na ukurasa unafunguka hapo hapo bila intaneti. Masomo nayo yanaweza kushushwa mara moja mjini. Kwa programu ya Kolibri, iliyotengenezwa kwa mahali pasipo mtandao, kompyuta moja inagawia masomo telefone zilizo karibu. Ila kutazama tu hakufundishi. Tazama kidogo, simamisha, andika mwenyewe, tafuta kosa, rekebisha.

Hayo yanahusu nini amani? Habari za Masisi mara nyingi zinaandikwa na watu wa mbali. Tena, Muhunde, Muhutu, Mututsi na Mutwa wakigawana mashini moja, kila mmoja anamsaidia mwenzake kupata kosa, maana wote wanangoja zamu.

Lakini tuwe na akili. Jina la mtu, picha ya uso, mahali familia inalala, njia ya shambani: hayo yasiandikwe kamwe. Hata ukifuta, nakala inaweza kubaki kwa wengine, na adui anasoma pia. Uvumi juu ya kabila fulani nao unaweza kumwaga damu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, wasichana wapate saa yao ya mchana. Kazi za maji na kuni zigawanywe na kaka zao. Pili, mchague kamati yenye watu wa kila jamii, isome kila ukurasa kabla haujatoka. Tatu, msiwaahidi vijana mshahara wa kesho. Ufundi huu unadai miezi mingi ya subira, na kazi haiji kwa hakika.

Kamati mtaichagua ninyi wenyewe, si sisi. Tuanze kuongea juu yake sasa.