Siku Moja Darasa la Pili

Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka

  

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, tulikubaliana kwamba michango ya mwaka huu ijenge ukuta na geti la shule yetu ya msingi kule nyumbani Upareni. Sisi wa Kamati ya Elimu ndio tulioleta wazo hilo, na ndio tuliolipigia debe. Leo tumesimama kuwaomba tulisogeze mbele kwanza. Ni haki yenu kujua kwa nini.

Tulipanda milimani kupima eneo la ukuta. Mwalimu mkuu alitukaribisha ofisini, tukanywa chai, kisha akatuambia, "Wazee wangu, kabla hamjapima nje, kaeni ndani siku moja." Tukaona haya kukataa. Tukaketi nyuma ya Darasa la Pili, magoti yakigonga madawati, tangu saa mbili asubuhi hadi watoto walipoachiwa kwenda nyumbani.

Tangu mtaala wa mwaka 2015, watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili walikazaniwa hasa zile KKK tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipindi cha kwanza siku ile kilikuwa kusoma. Siku hizi mtoto haanzi na jina la herufi kama tulivyoanza sisi. Anafundishwa sauti yake, anaunganisha sauti kupata silabi, kisha silabi kupata neno. Mwalimu wetu anaijua kazi hiyo, na tulimsikiliza kwa raha.

Kisha akagawa vitabu. Kitabu kimoja, watoto watano. Wa katikati akakishika, wa pembeni wakapinda shingo. Binti mmoja wa pembeni akaitwa asome. Akasimama, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nasi tukampigia makofi. Mwalimu hakupiga. Alifungua ukurasa mwingine, akampa kitabu mkononi. Binti akakitazama, akanyamaza, akainamisha kichwa. Ule ukurasa wa kwanza alikuwa ameukariri kwa kuwasikia wenzake. Mwalimu akachutama kando yake, wakaanza pamoja: mbo, ga. Mboga. Ilichukua muda, lakini neno hilo alilisoma mwenyewe. Hapo ndipo mwalimu alipopiga makofi.

Kipindi cha kuandika kilikuwa imla ya maneno matano. Tuliona penseli zilizokatwa vipande viwili ili zitoshe, na bado hazikutosha. Kijana mmoja aliandika maneno mawili, akampa jirani yake penseli, akasubiri. Ilipomrudia, mwalimu alikwisha maliza neno la tano. Akapata mawili kati ya matano. Anayeliangalia daftari lile atasema mtoto huyu hajui. Sisi tuliokuwepo tunajua kwamba hakuwa na penseli.

Baada ya mapumziko ya saa nne kikaja kuhesabu. Kila mtoto akatoa mfuko wa vijiti, vimefungwa kumi kumi kwa nyuzi za mgomba. Mwalimu akaandika ubaoni: 32 kutoa 17. Wakaweka mezani mafungu matatu na vijiti viwili. Saba haitoki kwenye mbili, basi wakafungua fungu moja, vijiti vikawa kumi na viwili. Wakatoa saba, vikabaki vitano. Katika mafungu mawili yaliyobaki wakatoa moja. "Kumi na tano!" Darasa lilivuma kama mzinga wa nyuki. Na aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa yule binti wa asubuhi.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipotazamana. Asubuhi tulidhani tumeona watoto wazito. Walikuwa watoto wale wale, mwalimu yule yule, darasa lile lile. Tofauti ni kwamba kwenye hesabu kila mtoto alikuwa na vitu vyake mkononi, kwa sababu vijiti havinunuliwi. Vitabu na penseli vinanunuliwa.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliingia shuleni kwa wingi, na hilo ni jambo jema. Vitabu vya kiada vinaletwa, lakini havilingani na watoto waliopo. Vitabu vya ziada, vile vya hadithi fupi ambavyo mtoto angekwenda navyo nyumbani akamsomee bibi yake, hatukukuta hata kimoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, vitabu vya kusoma vya Darasa la Kwanza na la Pili, angalau kimoja kwa watoto wawili, pamoja na kabati la kuvihifadhi dhidi ya unyevu na mchwa. Pili, penseli na madaftari, ili mtoto asisubiri zamu ya kuandika. Tatu, ninyi mnaopanda nyumbani mara kwa mara, mwombeni mwalimu mkuu nafasi, mkae na watoto nusu saa, kila mmoja asome neno kwa neno mbele yenu. Hilo la tatu halina gharama.

Wapo watakaosema kwamba ukuta unaonekana, kitabu kinachakaa. Ni kweli. Lakini wazazi wetu walipobeba mawe kwa msaragambo kujenga madarasa yale, walitaka sisi tujue kusoma. Ukuta tutaujenga, mawe ya kwetu hayaendi popote. Yule binti anaingia Darasa la Tatu, na huko masomo yanaongezeka, kila moja lina kitabu chake, na anayefika akiwa bado anahangaika na silabi anaachwa nyuma katika yote.

Fomu za ahadi anazo mweka hazina, pale mlangoni. Tunaomba kila mmoja asitoke bila kuandika chochote alichojaliwa. Mwaka ujao tutarudi Darasa la Tatu, tumtafute binti yule, tumpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, tuketi tumsikilize. Atakavyosoma ndivyo tutakavyowaletea taarifa hapa.