Betri Inayoisha Gari Likiwa Limeegeshwa

Ndugu wamiliki wa magari wa Dodoma,

Gari limeegeshwa Area D siku ya Ijumaa, mwenyewe akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Jumatano haliwaki, na fundi anasema: nunua betri. Kabla ya kutoa fedha, mwombeni apime mkondo unaotoka kwenye betri gari likiwa limezimwa.

Hupimwa kwa mita ya klampu, ambayo hubana waya bila kuukata. Ikagueni kwanza mita yenyewe. Nyingi za bei nafuu husoma mkondo geu wa nyumbani pekee. Kwenye betri huonyesha sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Inatakiwa ile isomayo mkondo mnyoofu, tena kwa miliampia. Irudishwe kwenye sifuri hapohapo karibu na waya, kwani hata usumaku wa dunia huipotosha. Kisha ibane kwa pamoja nyaya zote za upande hasi, milango ikiwa imefungwa na ufunguo uko mbali. Subirini nusu saa au zaidi, maana kompyuta za gari huchelewa kulala.

Kwa magari mengi, miliampia 50 au pungufu si tatizo. Zikisomeka 500, betri ya ampia-saa 60 hupoteza 12 kila siku, na betri mpya nayo itaisha vivyo hivyo. Hapo fundi achomoe fyuzi mojamoja huku akitazama mita. King'ora na redio zilizofungwa baadaye zishukiwe mapema.

Namba iliyosomeka iandikwe kwenye risiti.